Kitofali Ambacho Sikukikata

Minza mwanangu,

Tulishasalimiana asubuhi ulipokuwa unakunywa chai umesimama, kwa hiyo naanza na lenye haraka. Kesho Jumamosi hutasafiri. Nimetoka ofisi ya basi sasa hivi, nimehamisha tiketi yako mpaka Jumapili alfajiri, kiti kile kile cha dirishani. Chuo kinafungua Jumatatu. Nimehesabu saa za njiani mpaka Dodoma, nikaongeza tatu za gari kuharibika, bado unafika jua halijazama.

Najua utakasirika, maana umeshaaga mtaa mzima na sasa utaonekana umerudishwa. Kasirika, lakini usome kwanza. Uko kwa msusi, na kwa zile nywele ulizonionyesha kwenye simu nina saa tatu za kuandika, labda tatu na nusu kama yule dada atakuwa na maneno mengi. Barua hii utaikuta kitandani juu ya begi lako.

Kesho saa tatu asubuhi nitasimama kwenye kikao cha wanunuzi wa dhahabu, pale nyuma ya mashine ya kusaga, hapa hapa mtaani kwetu Nyasubi, niseme kwamba mjomba wako Shija hakuiba. Na niseme kwamba aliyesema uongo ni mimi. Nikishasema, sijui kama kuna mchimbaji atakayeniletea tena hata pointi moja ya dhahabu. Watu huniletea mimi kwa sababu wanaamini mzani wangu na mdomo wangu. Kesho wataambiwa kwamba siku moja vyote viwili viliwapotosha.

Mambo ya kufunga begi, ya chakula, ya marafiki, siandiki. Mengi unayajua, na usiyoyajua utayaharibu kwanza ndipo uyajue, kama mimi.

Nimeinuka nikaenda kuzima jiko, nikakuta nilishalizima. Ndivyo nilivyo leo. Kaa na mimi hivyo hivyo.

Wiki iliyopita ulikuwa unakunja nguo, simu yako ikaita. Ukaitazama, ukaigeuza kifudifudi kitandani. Nikakuuliza ni nani.

"Mjomba Shija. Eti ananipa hongera ya chuo. Jana alituma ujumbe."

"Mbona hupokei?"

"Mama, mwizi atanipa hongera gani? Si wewe uliniambia nisimzoee?"

Ulisema huku unacheka, ukaendelea kukunja sketi. Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo, na hakukuwa na nguo yoyote. Ulikuwa darasa la nne nilipokufundisha neno hilo. Umelishika kama ulivyoshika kila nilichokufundisha, vizuri, bila kukosea.

Wewe unaniona mimi mtu wa hesabu, mtu asiyedanganyika. Hukuniona wakati ninadanganywa. Niliishia darasa la saba, nikaenda Geita nikiwa na kanga mbili, nikaanza kuosha udongo kwenye mialo ya watu, kule mchanga unakochujwa dhahabu. Mchanga wa dhahabu tuliuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu, tukaukamua kwenye leso mpaka zebaki ipite na dhahabu ibaki, kibonge laini cheupe, kisha tukakichoma kwenye kikaango. Hakuna aliyetuambia kwamba ule moshi usioonekana ndio zebaki yenyewe inaondoka na kupitia puani mwetu. Nilichomea chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu niliogopa wezi kuliko moshi. Huu mkono wangu wa kushoto unaotetemeka nikishika kikombe, ambao wewe husema ni uzee, haujawahi kuwa uzee. Nina miaka arobaini na sita.

Kisha nilipeleka kibonge changu kwa mnunuzi, akaweka kwenye mzani wake, akaniambia pointi saba. Nikaenda kwa mwingine, pointi saba. Miaka miwili baadaye niliponunua mzani wangu wa kwanza ndipo nilipojua kwamba mawe yao ya mizani yalikuwa yametobolewa chini yakajazwa risasi, yawe mazito kuliko namba yake. Kila gramu yangu, yenye pointi kumi, walikuwa wanakula pointi mbili. Niliapa kwamba sitamwamini mtu tena, nitaamini kipimo. Wakati ule ilionekana akili. Nakuambia sasa kwamba hapo ndipo nilipoanza kuharibikiwa, kwa sababu mtu anayeamini kipimo peke yake husahau kwamba anayekisoma ni yeye mwenyewe.

Kipimo chenyewe alinifundisha mnunuzi mmoja wa zamani, na wewe ulinikuta ninacho. Unapima dhahabu hewani, kisha unaining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji, unaona imesukuma maji ya uzito gani. Unagawanya. Dhahabu tupu inatoa kumi na tisa nukta tatu. Fedha kumi na nusu. Risasi kumi na moja na kitu. Shaba tisa kasoro. Dhahabu ya huku kwetu haitoki ardhini ikiwa tupu, ina fedha ndani yake, kwa hiyo mimi nilizoea kusoma kumi na saba na ushee, ikiwa nzuri sana kumi na nane. Mtu akichanganya shaba, namba inashuka na mimi namrudishia mzigo wake bila kupandisha sauti. Mjini nikajulikana kama mama wa maji. Shija alikuwa ananitania: "Dada, wewe hata mchumba akija utamtumbukiza kwenye glasi." Nikamwambia ningemtumbukiza baba yako, nisingeachwa na mtu aliyeaga anakwenda Mpanda wiki mbili akapotea moja kwa moja.

Shija alikuwa mkono wangu wa kulia. Wakati ule soko la madini la serikali lilikuwa halijaja, kila mtu alikuwa na mzani wake na njia zake, na mimi niliuza kwa tajiri mmoja wa Geita. Mzigo aliupeleka Shija, amevaa koti bovu, dhahabu ameifunga tumboni chini ya shati. Miaka sita alipeleka. Haikupungua hata chembe.

Sasa nakuja penyewe.

Alikuja mzee mmoja mtaratibu, amevaa vizuri, ana karatasi inayosema dhahabu yake imeshasafishwa. Kitofali kidogo kama nusu ya kiberiti hivi. Nikakipima hewani: gramu 230.4. Nikakining'iniza majini, kikasukuma gramu kumi na mbili kamili. Gawanya mwenyewe. Kumi na tisa nukta mbili. Nikakisugua kwenye jiwe, nikatia asidi, alama haikufutika. Sijawahi kushika dhahabu safi namna ile. Na tajiri wa Geita alikuwa amenipigia asubuhi ile ile, anasema bei imepanda, niwahi kabla ya jioni.

Kuna kitu kimoja ambacho kila mnunuzi wa hapa hufanya na mimi nilikifanya siku zote. Kitofali ukikinunua, unakiweka juu ya chuma, unachukua patasi na nyundo, unakata pembe uone ndani. Siku hiyo sikukata. Kitofali kizima hakina jeraha, kina bei nzuri. Muuzaji alikuwa mtaratibu, muda ulikuwa unakimbia, na namba ilikuwa imeshanipendeza. Nilimlipa mzee, nikamfunga Shija mzigo tumboni, akapanda basi.

Saa kumi akanipigia kutoka Geita. "Dada, hapa kuna balaa. Jamaa amepiga patasi, ngozi ya dhahabu imebanduka, ndani kijivu."

"Kijivu kivipi?"

"Wanasema risasi. Lakini dada, patasi imegoma. Makali yake yamemeguka. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Risasi haigomi patasi."

Yalikuwa maneno ya mtu anayenisaidia. Mimi niliyasikia kama maneno ya mtu anayejitetea. Nilikuwa nimeshapiga hesabu, Minza, na hesabu ilikuwa safi kabisa: kama ni risasi, uzito ule ungesukuma gramu ishirini za maji, na mimi nilisoma kumi na mbili. Kwa hiyo nilichopima mimi na kilichofika Geita ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo kimebadilishwa njiani. Njiani alikuwapo mtu mmoja. Nilipiga mara tatu kwenye karatasi na mara zote ikanipa Shija.

Nilikwenda na karatasi hiyo kwenye kikao cha Jumamosi. Utaratibu wa kile kikao haukuandikwa popote. Jina la mtu likitajwa pale kwa wizi na wanunuzi wakakubali, hakuna atakayenunua kwake, hakuna atakayemtuma, na simu zitapigwa mpaka Geita, mwenye duara lolote la kuchimba dhahabu asimpe kazi. Na jina huondolewa na yule yule aliyelitaja, akiwa amesimama mbele ya watu wale wale. Hakuna njia nyingine. Polisi unaweza kuwashinda, uamuzi wa kikao kile hauna mahakama.

Mwenyekiti ni Alhaji, yule yule wa leo, mwenye duka la vitenge. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja tu.

"Mama Minza, ulikata?"

Watu kama kumi na tano walikuwa wananitazama. Wanaume wote, na nusu yao walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba mwanamke hawezi kununua dhahabu. Nikaona nikisema sikukata, nitachekwa mpaka wajukuu zangu. Na nikajiambia haibadilishi kitu, maana maji yalishasema. Nikajibu:

"Nilikata. Pembeni, upande wa kulia. Ilikuwa njano mpaka ndani."

Alhaji akanyoosha mkono, Shija akampa kitofali. Akakigeuza pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Tajiri wa Geita alikuwa amepiga patasi katikati. Pembe zote zilikuwa nzima.

"Basi hiki sicho," akasema. "Cha Mama Minza kilikatwa pembe."

Unaona kilichotokea. Hesabu yangu ilikuwa tuhuma tu. Ule uongo wangu mdogo wa kulinda sura ndio uliokuwa ushahidi. Mjomba wako alinitazama, kwa sababu alikuwapo chumbani wakati ninanunua. Alijua sikukata. Alikuwa anasubiri nirekebishe. Nikatazama karatasi yangu.

Hakusema "Dada anadanganya." Mpaka leo sijui kwa nini. Alisema tu, "Sawa," akaweka funguo za ofisi yangu mezani kwa Alhaji, akatoka. Mwezi huo huo akahamia Shinyanga, Kambarage, akaanza kuziba matairi. Kile kitofali nilikiviringisha kwenye kitambaa bila kukitazama mara mbili, nikakitia kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati. Niliwaambia watu ni ushahidi wangu.

Nimesimama tena. Nimefungua begi lako, nikalifunga. Umebeba viatu vinne, sijui vya nini, nimenyamaza.

Ulipokuwa kidato cha pili ulinunua stendi lile jedwali la elementi la karatasi ngumu, ukalibandika jikoni ili usome huku unapika. Siku zile ndizo nilizokuwa na raha kuliko zote katika nyumba hii, na nakuambia usije ukadhani nilizidharau. Ulikuwa unanifundisha na kijiko mkononi.

"Mama, hii Hg ni zebaki."

"Hiyo naijua kuliko mwalimu wako. Mwalimu wako ameshawahi kuikamua kwenye leso?"

"Hajawahi. Na anasema tusiiguse."

"Sasa kwa nini H na g? Zebaki ina H wapi?"

"Ni jina la Kilatini, Mama. Lugha ya zamani."

"Kumbe na wenyewe wana lugha ya bibi zao wanayoificha."

Ulicheka mpaka ukaunguza vitunguu. Tukaanza kutafuta vitu vya nyumbani kwenye vile vyumba vidogo. Sufuria, namba kumi na tatu. Waya wa umeme, ishirini na tisa. Bati letu lina zinki juu ya chuma, ndiyo maana lile la jirani lililobanduka zinki lina kutu na letu halina. Chumvi ni vitu viwili vilivyooana, ukaniambia, kimoja kinawaka kikiguswa na maji, kingine ni hewa ya sumu, na vikishikana unatia kwenye mchuzi. Sikukuamini, nikamuuliza mwalimu wako kwenye kikao cha wazazi, akasema ni kweli. Ukaniambia almasi za Shinyanga na mkaa wa jikoni ni elementi moja, tofauti ni jinsi chembe zake zilivyoshikana. Nikakaa siku mbili naifikiria hiyo. Mimi niliyeishi kwa kupima vitu nilikuwa sijui hata kimoja kimetengenezwa na nini.

Kisha siku moja mlipewa zoezi la kupanga elementi kwa uzito wake kulinganisha na maji. Kipimo changu hasa. Nilikaa karibu nikusahihishe. Ukawa unasoma kutoka kwenye kitabu kwa sauti: risasi kumi na moja nukta tatu, zebaki kumi na tatu nukta sita, dhahabu kumi na tisa nukta tatu. "Na hii nyingine nayo kumi na tisa nukta tatu, Mama. W. Tangsteni. Rangi ya kijivu, ngumu sana. Ndiyo waya wa ndani wa balbu za zamani, kwa sababu haiyeyuki kirahisi."

Nikakuambia urudie. Ukarudia. Ukauliza, "Umeijua?" Nikasema siijui, nikakutuma dukani ukanunue sabuni, na sabuni ilikuwapo.

Nikapanda kiti, nikashusha kopo. Kitofali nikakipima hewani, nikakiingiza majini. Kumi na tisa nukta mbili. Ile ile, Minza. Kilikuwa kitofali changu mwenyewe, hakikubadilishwa na mtu yeyote, kilikwenda Geita na kurudi. Nikakiweka kwenye chungu cha kuyeyushia, nikaunganisha mtungi wa jiko na kichomeo changu cha dhahabu, nikawasha. Ngozi ya dhahabu ikayeyuka ikatiririka chini, kidogo sana, na kile cha ndani kikabaki kimesimama. Kikawa chekundu, kikawa cha machungwa, hakikulainika hata ukucha. Ingekuwa risasi ingekuwa maji zamani. Nilikipiga moto mpaka mtungi ukaisha. Ulirudi na sabuni ukauliza mbona jiko limezimika.

Kwa hiyo nilijua. Shija alikuwa ameadhibiwa miaka mitano mimi nikiwa sijui, na kuanzia siku ile ya sabuni alianza kuadhibiwa nikiwa najua. Hii ya pili imekaribia kufika mitano nayo. Kila mwezi nilikuwa na sababu. Kwanza ada yako. Halafu nilisubiri soko jipya litulie. Halafu nikasema ukimaliza kidato cha sita. Nilihesabu hasara zote za kusema, moja moja, na kwenye karatasi ile sikuwahi kuandika hasara ya kunyamaza, kwa sababu ilikuwa haitoki mfukoni mwangu.

Bibi yako alifariki ukiwa kidato cha nne. Wiki ya mwisho nililala naye kijijini. Aliniita jioni moja nikiwa nampangusa miguu.

"Ng'wanawane, mwanangu, Shija wangu aliiba kweli?"

Alikuwa ananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mtu wa vipimo. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja, halifiki hata silabi tano. Nikamwambia mama yangu, "Mayu, pumzika." Akapumzika. Msibani Shija alikaa na majirani kwenye uzio, hakuitwa kushika jembe la kaburi la mama yake, na aliyetakiwa kumwita ni mimi mkubwa wake. Wewe ulinifuata ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, yule naye amekuja." Nikasema muache.

Hapo sina cha kujitetea na sitaki unitafutie. Wewe una huruma, utaanza kusema nilikuwa mjane wa mume aliye hai, nilikuwa nimeibiwa, wanaume walinizunguka. Yote ni kweli. Mimi kweli nimedhulumiwa katika maisha haya, na nina orodha, na baadhi ya waliomo bado wananipungia mkono barabarani. Lakini nimegundua kwamba ile orodha niliitumia kama kibali. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeibiwa pointi mbili kila gramu, nikaona nina haki ya kukosea kidogo upande wa mtu mwingine. Uwe macho na hilo hasa, maana umerithi kumbukumbu yangu. Siku utakapojikuta unahesabu waliokukosea huku kuna mtu mlangoni unayemkosea wewe, weka kalamu chini.

Na jambo moja la kazi yako ya vipimo unayokwenda kuisomea. Namba ya kitofali kile ilikuwa sahihi. Maji yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye neno "risasi", ambalo mtu wa Geita alilitamka kwa kutazama rangi, nasi wote tukalichukua bila kulipima, kwa sababu hapa kwetu feki zote za kijivu zilikuwa risasi. Shija ambaye hana mzani alisema patasi imegoma. Yeye peke yake siku ile ndiye aliyetaja tabia ya kitu chenyewe. Mtu asiye na chombo akikuambia alichokiona, kipime alichokiona kabla hujampima yeye.

Ile siku uliyogeuza simu kifudifudi, nilikaa siku mbili, kisha nikampigia. Sikuwa nimempigia miaka yote hiyo. Nyuma yake niliisikia mashine ya upepo ya matairi.

"Dada."

"Shija. Ulisema kweli. Haikuwa risasi. Kitofali kilikuwa kile kile."

"Mimi sikuwa na swali, dada. Mimi najua sikuiba." Akazima mashine. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. Ulimi ulikuwa umeshajikunja kusema jana. "Minza alikuwa kidato cha pili."

Nilisikia mteja anamuuliza bei ya kiraka, akamwambia subiri.

"Sasa anaenda chuo," akasema.

"Ndiyo."

"Mama amekufa hapo katikati."

"Ndiyo."

"Ile miaka mitano ya kwanza nilishakusamehe, dada. Nilijua hesabu ilikudanganya, na kile cha kukata nilijua uliona aibu. Hii ya pili sijui nikuambie nini. Usinitumie hela. Nenda ukaseme pale pale."

Nikamwambia Jumamosi. Akasema atakuja na basi la asubuhi kutoka Shinyanga, na kama sitasema, hataniuliza, atarudi na basi la mchana kuziba matairi yake.

Alhaji nimeshamwambia nina neno. Aliuliza linahusu nini, nikamwambia linahusu kukata. Nadhani ameelewa, maana aliacha hilo akaniuliza kama nimekula.

Tiketi yako ya kwanza, ile ya kesho alfajiri, niliikata mimi mwenyewe nikijua kikao ni kesho. Nilipanga uwe umeshapita Nzega mimi nikifungua mdomo. Ningekuandikia baadaye kwa maneno mazuri, ungepata habari iliyokwisha pangwa na mama yako angebaki na sura. Leo saa sita nimegundua kwamba ni ule ule mchezo wa kusema nilikata. Ndiyo maana nimekimbilia ofisi ya basi.

Sikulazimishi kuja. Unaweza kulala, unaweza kwenda sokoni, na Jumapili nitakusindikiza stendi na hatutalizungumza ukitaka. Lakini ukija, usikae karibu nami na usinishike mkono ukitetemeka. Shija atakuwa amefika mapema, ndiyo tabia yake, na atakuwa amesimama peke yake upande wa ukutani, kwa sababu mpaka saa tatu bado ni mwizi na hakuna mnunuzi atakayemsogelea. Nenda kwake moja kwa moja, mbele ya wote, umpe shikamoo yake. Nenda kabla sijasimama. Nikishasema, kila mtu ataweza kumwamkia, na yako itakuwa moja kati ya nyingi.

Ni mimi mama yako,
Mama Minza